Mnazi wa Mtoto katika Shamba la Baba

"Mwanangu, nitumie elfu ishirini, na ya kutolea." Kijana aliyetoka Ndagoni, kisiwani Mafia, akapata kazi Dar es Salaam haulizi maana ya ujumbe huo. Ya kutolea ni ile ada anayokatwa mtu akitoa pesa kwa wakala. Hakuna sheria inayomtaka mtumaji ailipe, lakini kumtumia mama elfu ishirini kavu, akafika kibandani akaambulia pungufu, ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kikombe kilichojaa nusu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, nyongeza hiyo ndogo imekuwa sehemu ya adabu. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, adabu hiyo ikapanda bei.

Hapo ndipo linapozuka wazo jingine. Kwa nini kuhangaika? Kijana na mzazi waende Kilindoni, makao makuu ya wilaya, wafungue akaunti ya pamoja yenye majina mawili, kila mmoja atoe anapohitaji. Mama asiombe, mtoto asikumbushwe. Ni wazo la watu wanaopendana, na halifai kupuuzwa. Lakini limebeba swali zito kuliko fomu ya benki: mtu mzima aliyelelewa kwenye chungu kimoja na wenzake anaweza kuwa na mfuko wake bila kuonekana ameukana undugu?

Watanzania wana neno lao la jambo hili, kujitegemea, nalo limesafiri mbali. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa na Mwalimu Nyerere akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, aliyetakiwa kujitegemea alikuwa taifa, kijiji, shule yenye shamba lake. Mtendaji wa kitenzi hicho alikuwa "sisi". Leo kijana akiambiwa "nenda ukajitegemee", kinachokusudiwa ni chumba cha kupanga, godoro, jiko la gesi na kodi ya miezi sita mkononi. "Sisi" imegeuka "mimi", na wazee wengi wanalisikia neno hilo kama mlango unaofungwa. Hata methali ya mtegemea cha ndugu kufa maskini inamtaja ndugu tu. Mzazi imemwacha nje.

Pwani, hata hivyo, ilikuwa na neno la zamani zaidi, nalo linasaidia kuliko hilo la siasa. Muungwana, kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu asiye mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na visiwa vya Mafia vilikuwa na watumwa wake. Kilichomtenga mtumwa na muungwana hakikuwa kuishi peke yake. Waungwana waliishi wamejazana, majumba yamejaa jamaa. Tofauti ilikuwa kwamba alichokishika mtumwa kingeweza kudaiwa na bwana wakati wowote, kwa hiyo hata akikupa embe, aliyekupa hasa ni nani? Muungwana alitoa chake. Ndiyo maana neno moja limebeba maana zote mbili, uhuru na ukarimu. Mwenye uungwana ni yule ambaye mkono wake ukinyooka, umenyooshwa na yeye.

Mwanafalsafa Aristotle, akimpinga mwalimu wake Plato aliyetaka walinzi wa mji wake wawe na mali ya shirika, alisema jambo linalokaribiana na hili: pasipo mali ya mtu binafsi, ukarimu hauna pa kuonekana, kwa kuwa ukarimu ni namna ya kutumia kilicho chako.

Mafia hawakuhitaji Mgiriki awafundishe hayo, minazi iliwafundisha. Kisiwani, mti na ardhi si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na minazi yake katika shamba la mwingine, akaangua nazi zake bila ugomvi, ilhali udongo unabaki wa mwenye shamba. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, alikuta wanawake wana minazi yao wenyewe, na mume na mke kila mmoja ana mali yake ingawa wanalala nyumba moja. Kanga si Ndagoni, lakini kisiwa ni kimoja na zao ni lile lile. Mnazi wa binti ukiwa katikati ya shamba la baba haulivunji shamba. Kivuli chake kinamwangukia kila apitaye, ila ukifika wakati wa kuangua, kila mtu anajua nazi za nani.

Atakayepinga atakuja na hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Ibn Majah, ambamo Mtume (s.a.w.) anamwambia mtu aliyemlalamikia baba yake kwamba yeye na mali yake ni vya baba huyo. Katika kisiwa chenye Waislamu wengi, hoja hiyo huweza kumaliza mazungumzo. Lakini wanazuoni wengi wameielewa kuwa ni haki ya mzazi kutunzwa, na si kuhamisha umiliki, na ushahidi wao ni mzuri mno: Suratun Nisaa, aya ya 11, inampa mzazi sudusi ya mali ya mwanawe aliyekufa akaacha mtoto. Kama yote yangekuwa ya baba tangu mwanzo, angerithi vipi moja ya sita ya kilicho chake? Sura hiyo hiyo, aya ya 6, inawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepevuka kiakili wawakabidhi mali yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kikomo cha utoto kuwa miaka 18, basi. Aya inataka umri na busara pamoja, na busara ya fedha haipatikani kwa mtu ambaye hajawahi kushika fedha akazikosea.

Hoja iliyo ngumu kwelikweli ni nyingine, nayo ni ya mama. Kuomba kunachosha. Mwanamke aliyemsomesha mwanawe kwa nazi na kwa kusuka ukili anaposimama chini ya mwembe kutafuta mtandao ili aseme "sina chumvi", kuna kitu kinamshuka moyoni ambacho elfu ishirini haikirudishi. Akaunti ya pamoja ingemwondolea unyonge huo, na yeyote anayemtetea kijana bila kuuona hajakitazama kisa chote.

Ila akaunti hiyo, ikiondoa ombi, inaondoa na zawadi. Kinachobaki ni kutoa pesa, na kutoa huko hakuna shukrani wala baraka; kuna salio tu. Kijana akiona laki moja imepungua atanyamaza kwa heshima, na heshima ya kunyamaza ikirundikana huwa kinyongo. Mama naye atajikuta anaeleza dawa ilinunuliwa wapi, yeye ambaye hakuwahi kutoa hesabu kwa mtoto aliyemzaa. Siku mmoja wao akifa, mambo yanakuwa mazito zaidi: ndugu wa baba mmoja watauliza nusu ipi ilikuwa ya marehemu, na msimamizi wa mirathi atakosa jibu lisilomwumiza mtu.

Vijiji vimeshaonja hayo kupitia simu. Ukomo wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipofika, Januari 20, 2020, wapo wazazi ambao namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA) zilikuwa hazijatoka, wakabaki na laini yenye jina la mtoto. Mama kama huyo anafika kwa wakala, anafungua pindo la kanga, anatoa simu na kikaratasi chenye namba ya siri. Wakala anasoma kwa sauti jina linalotokea. Ni jina la mwanawe. Pesa ni yake, ametumiwa yeye, lakini kibandani anajibu kwa jina la mtu mwingine, na foleni nzima inasikia.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mifuko miwili na mtoto anayewahi. Mama awe na laini yake, jina lake, akiba yake hata kama ni ndogo. Kijana aweke tarehe yake, mshahara ukiingia, aitume kabla ujumbe haujaandikwa, na ya kutolea juu yake. Hapo unyonge wa kuomba unaondoka na zawadi inabaki.

Tena zawadi haiendi upande mmoja. Wiki chache baadaye kiroba kinapakiwa Kilindoni, kinavuka hadi Nyamisati, kinapanda basi mpaka Mbagala. Ndani mna nazi zilizofuliwa na ng'onda waliofungwa kwenye gazeti, mafuta yameshapenya karatasi. Kijana anaingiza mkono mfukoni amlipe kondakta. Anaambiwa mzigo umeshalipiwa huko huko.