Hatujui: neno gumu kwenye kilio

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia desturi zinazopotea: mahari, majina ya ukoo, hadithi za jioni karibu na moto. Safari hii tunachukua desturi moja ambayo haipotei hata kidogo, tena inanenepa tu. Ni ile ya kutafuta muuaji kwenye kilio.

Kila mtu wa Kivu anaijua. Mtu amekufa, hasa kama alikuwa angali kijana. Viti vya plastiki havijapangwa vizuri, na tayari maneno yanatembea chini chini: "Huyu hakukufa hivi hivi. Balimupatia karuho." Karuho ni ile sumu ambayo watu wa Bukavu na wa Bushi wanasema inaua polepole. Kabla jua halijashuka, sumu imekwisha kupata jina la mtu: jirani, mke mwenza, shangazi mwenye wivu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa kwenye kilio cha namna hiyo. Marehemu alikuwa kijana wa taksi ya pikipiki. Aliugua tumbo majuma mawili, akafa. Alizoea kunywa kasiksi kwa mama mmoja mjane wa avenyu ile ile. Watu wengine walikuwa wamekunywa kwenye bido ile ile, siku ile ile, na walikuwa wameketi pale kwenye kilio na afya yao yote. Hata hivyo jina lililotoka ni la yule mama. Hakuna aliyeuliza hospitali iliandika nini. Sisi watu wa kusoma tulinyamaza, na njiani tulipokuwa tukirudi tuliambiana: "Siye hatukusema kitu, hatuna zambi." Usiku wa tatu vijana walivunja nyumba ya yule mama, wakabeba mabati. Alikimbilia kwa binti yake, na mpaka leo hajarudia parseli yake.

Tulifikiri kunyamaza kwetu kulikuwa hekima. Wale kati yetu waliosoma filozofia kidogo walikuwa hata na neno la Kigiriki la kuipamba: epoke, ni kusema kusimamisha hukumu. Ni mtu kujizuia asiseme "ndiyo" wala "hapana" juu ya jambo ambalo hajalipata wazi. Neno lenyewe ni zuri. Ila tulilivaa kinyume, na tunataka kueleza namna gani.

Watu wanaotajwa mbele katika fundisho hilo ni Pyrrho wa Elis, Mgiriki aliyefuata jeshi la Aleksanda mpaka Uhindi, na ambaye hakuacha maandishi ya mafundisho yake. Tunaijua njia yake zaidi kwa kalamu ya Sextus Empiricus, aliyekuja miaka mingi nyuma yake. Huyo Sextus alikuwa muganga, mtu wa kugusa matumbo ya wagonjwa. Mwanzoni mwa kitabu chake anasema watu wanaotafuta jambo wako wa aina tatu: wale wanaosema wamekwisha lipata, wale wanaosema haliwezi kupatikana, na wale ambao bado wanatafuta. Yeye anajiweka kwa hao wa tatu. Wala jina lao, waskeptiko, kwa Kigiriki halina maana ya wabishi. Ni watu wanaochunguza.

Basi angalieni sisi. Kwenye kilio kile hatukuwa tunatafuta kitu. Tulikuwa tumeketi tu, tukikunywa chai ya wafiwa.

Jambo lingine la Sextus lingetusaidia siku ile. Yeye hakatai kile kinachoonekana. Asali ikiwa tamu mdomoni, anakubali kwamba inaonekana tamu. Kinachomsimamisha ni kile kilichojificha nyuma. Tena anatofautisha dalili. Moshi ni dalili ya moto, kovu ni dalili ya kidonda, na hizo anazikubali, kwa sababu tumekwisha ona moshi na moto pamoja mara nyingi. Lakini kuna dalili ambayo watu wanadai inaonyesha jambo ambalo hakuna mtu aliyepata kuliona, na hapo anasimamisha hukumu. Tupime kwa kilio chetu. Maumivu ya tumbo ya yule kijana yalikuwa wazi, wote tuliyaona. Kifo kilikuwa wazi. Lakini nani kati yetu alikuwa amepata kuona mkono wa yule mama ukitia kitu ndani ya kikombe? Watu walisema penye moshi hapakosi moto, na moshi wenyewe walikuwa wameuwasha wao kwa midomo.

Lugha yetu yenyewe haitusaidii sana, tukubali. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo tumeisikia kwenye vilio vingi, na kila mara ilifunga mazungumzo. Ikisemwa na mzee mwenye mvi, nani atajibu?

Lakini msifikiri kwamba kusimamisha hukumu ni kitu cha Wazungu tu. Angalieni Wazande, ndugu zetu wa kaskazini upande wa Uele, ambao wako pia Sudani Kusini na Afrika ya Kati. Mwingereza Evans-Pritchard aliishi kwao upande wa Sudani na akatoa kitabu juu yao mwaka 1937. Anaeleza habari ya benge, ile sumu waliyompa kuku ili kuuliza kama mtu fulani ni mwenye kosa. Kuku akifa mara ya kwanza, shauri halijaisha. Wanachukua kuku mwingine na kugeuza swali: kama ni kweli, huyu apone. Ikiwa kuku wote wawili wamekufa, au wote wawili wamepona, majibu yanapingana na hukumu haisimami. Sisi hatuamini kwamba kuku anajua siri za watu, na hatuombi benge irudi. Wakongo wa magharibi walikuwa na nkasa, sumu ya namna hiyo, na hiyo ilinywewa na watu. Lakini hebu tuone haya kidogo: Mzande wa zamani aliuliza mara mbili. Kwenye avenyu yetu, yenye walimu na wauguzi, hatukuuliza hata mara moja.

Mtu atatupinga: hapa Kongo maneno "tungojee uchunguzi" ni blanketi ya wakubwa. Kamisyo inaundwa, ripoti haitoki, wafu wanasahauliwa. Ni kweli, na inatuuma. Lakini yule anayeunda kamisyo ili ilale hajasimamisha hukumu, amezuia uchunguzi, na hayo mambo mawili yako mbali. Hata sheria zetu zinalijua jambo hili. Katiba ya 2006, kwa kipengele cha 17, inasema mshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Shida ni kwamba sheria haiketi kwenye viti vya kilio. Sisi ndio tunaoketi pale.

Kuna mahali tunaachana na wale Wagiriki. Wao walisema kwamba mtu akisimamisha hukumu, utulivu wa moyo unamfuata kama kivuli kinavyofuata mwili. Labda kwa mtu aliye peke yake akifikiri juu ya nyota. Kwenye kilio utulivu unampata yule anayenyamaza. Anayesimama na kusema "hatujui" kwa sauti ya kusikika, huyo hapati utulivu, anapata macho ya watu.

Tuliliona jambo hili kwenye kilio kingine, avenyu ya pili kutoka yetu. Jina lilikuwa limekwisha anza kuzunguka. Mzee mmoja wa chama chetu, fundi wa mbao, akamuuliza kijana aliyelitamka:

"Mwanangu, weye uliona?"

"Hapana muzee, batu njo banasema."

"Batu gani?"

Kijana akaangalia chini. "Bote."

"Basi mimi ni mumoja wa bote, na mimi sijui. Nani mwengine hajui?"

Kimya. Kiisha mama mmoja akasema, "Mimi pia sijui." Mwingine naye. Halafu wakarudia shauri la sanduku na mchango wa gari. Usiku ule hakuna nyumba iliyovunjwa.

Lakini nyuma ya siku chache tukaanza kusikia: "Ule muzee alitetea juu ya nini? Pengine iko na yake." Zamani watu walipita kwake Jumapili kwa kikombe cha chai. Sasa wako watu wanaomsalimia wakiwa wamesimama mlangoni, na akiwakaribisha wanasema wamekwisha kunywa.