Rubani Asiyepanda Ndege

Zamani kijana aliyejifunza urubani alipanda ndege pamoja na mwalimu wake. Ndege ikianguka, huanguka wote wawili. Siku hizi yuko rubani asiyepanda ndege. Huketi mbele ya kompyuta, na katika kioo chake hujifunza kuongoza ndege isiyo na mtu ndani. Huletewa upepo mkali, betri inayoishiwa nguvu, mawasiliano yanayokatika. Akikosea, ndege huvunjika katika kioo tu. Hubonyeza kitufe, na ndege ni nzima tena.

Je, malezi ya namna hii humjenga mtu, au humharibu?

Kwanza yatupasa kuyatolea haki yake. Mwanafunzi hana ruhusa ya kujifunzia juu ya paa la jirani. Mwaka 2018 ndege ya aina hii ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka bara ya Mwanza, safari ya kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Ziwa lile lina wavuvi, na kisiwa kile kina nyumba za watu. Kosa lililokwisha kufanywa katika kioo halitamwangukia mvuvi. Basi kumzoeza rubani kwanza mahali pasipo na mtu ni wajibu, wala si anasa.

Lakini liko jambo moja ambalo kioo hakiwezi kulifundisha, nalo ni kwamba yako makosa yasiyofutika. Mnamo Januari 2022, huko Dedebit katika Tigray, nchini Ethiopia, shambulio la ndege zisizo na rubani liliua makumi ya watu waliokuwa wamekimbia vita na kujihifadhi kambini. Kwa hao hakuna kitufe cha kuwarudisha.

Wenyeji wa Tabora wanayo njia ya kulipima jambo hili. Mjini kwao ilipita misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kiongozi wa msafara alitangulia mbele kwa miguu. Jua lililowachoma wapagazi lilimchoma na yeye. Mpagazi alichukua pembe ya ndovu begani, mzigo wa frasila mbili, kwa miezi mitatu mpaka pwani. Lakini aliyeipiga piano huko London, ambayo vibonye vyake vilitengenezwa kwa pembe ile, hakuliona bega lile, wala hakumwona mtumwa aliyefungwa mnyororo katika njia ile ile. Haikumlazimu kuwa mkatili, umbali ulimtosha. Wazee walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi kioo ni umbali mpya. Hutia ustadi mkononi, lakini humzoeza mtu kutazama nchi bila kuwaona wakaaji wake. Ndiyo maana twasema kwamba saa nyingi mbele ya kompyuta hazitoshi kumpa mtu cheti. Mwalimu na ampeleke mwanafunzi wake kwa miguu katika vijiji ambavyo ndege itapita juu yake, azungumze na wenye mashamba, ajue shule iko wapi na soko hukusanyika siku gani. Nanyi wazazi, ambao watoto wenu hucheza vita katika simu jioni nzima, waulizeni swali hili wangali wadogo: huko chini anakaa nani?