KUONA HATUA KWA HATUA

Somo: Marko 8:22–26

 

Katika makazi yetu wako wazee na wamama waliopasuliwa mtoto wa jicho, na wengine wanangoja siku yao. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kuna maneno mawili yanayozunguka kati yetu, nayo yanawaumiza. Wengine husema, "Umekwisha kupasuliwa, basi rudi kazini." Wengine husema, "Mungu haponyi nusu, mbona bado unatafuta miwani?" Tuyapime maneno haya kwa Neno.

Kule Bethsaida watu walimleta kipofu kwa Yesu. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni na kumwekea mikono. Kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu akasema kweli: aliona watu, lakini walionekana kama miti inayotembea. Bwana hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona yote wazi. Hata wakati ule wa kuona nusu, alikuwa bado mikononi mwa Bwana.

Wagonjwa wetu wako katika wakati huo wa katikati. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari huiondoa na kuweka lenzi ya bandia. Lenzi hiyo haiwezi kujirekebisha yenyewe kama ile ya ujana. Kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya kuona mbali, kwa hiyo wengi huhitaji miwani ya kusomea. Miwani hiyo hupimwa jicho likiisha kutulia, mara nyingi baada ya wiki 4 hadi 6.

Tumeyaona haya nyumbani kwetu, tulipomwuguza mama yetu mzazi. Alipofunguliwa jicho alishangaa kuona kitenge chake ni cha bluu, maana kwa miaka alikiona kama cha rangi ya udongo. Alitaja majina ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Lakini aliposhika kikapu alichokuwa anasuka, nyuzi zilikuwa ukungu mtupu. Akalia, akidhani jicho limeharibika. Jicho lilikuwa zima, ila lilikuwa bado halijapata miwani yake.

Tukumbuke pia lenzi hiyo ilikotoka. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vipande vya dirisha la ndege viliingia machoni mwa marubani wa Uingereza. Daktari Harold Ridley aliona kwamba jicho lilivumilia vipande vile vya plastiki. Mwaka 1949, huko London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo katika jicho la mgonjwa. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi kabla ya kazi yake kukubaliwa. Sisi tuliokimbia vita tunajua vita huacha nini. Lakini hata kutoka katika mabaki ya vita, Mungu alimwonyesha mtu njia ya kuponya, nayo ilikuja hatua kwa hatua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wewe uliyepasuliwa, sema kweli kama yule mtu wa Bethsaida. Tumia dawa ya matone mpaka siku uliyoambiwa. Usisugue jicho, na ulikinge na vumbi, moshi na maji machafu. Ukisikia maumivu makali, jicho likizidi kuwa jekundu, au kuona kukipungua, usingoje ibada ya maombi ya Ijumaa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, nasi tutaomba tukiwa njiani pamoja nawe.

Pili, ninyi wa nyumbani, jerikani ya lita 20 si ya mama aliyetoka kupasuliwa. Kuni si zake kwa sasa, wala jiko la moshi. Mtume Paulo anatuagiza katika Wagalatia 6:2 tuchukuliane mizigo. Kwetu, mzigo huo una mpini, na unatoka bombani kila asubuhi.

Tatu, sisi kanisa, tuwajali walio peke yao. Kuna wazee ambao watoto wao walibaki kule nyumbani au walipotea njiani. Wengine wanaogopa kukubali kupasuliwa kwa sababu hawajui nani atawapikia. Kila kikundi cha sala kiwahesabu wazee wake, na vijana wapange zamu ya maji na ya kusoma Biblia kwa sauti, mpaka miwani ipatikane.

Bwana alimtuma yule mtu aende nyumbani kwake. Leo nyumbani kwetu ni hapa, penye foleni ya maji na paa la turubai. Hapa ndipo waliopasuliwa wanarudi, wakiona nusu. Wakute mikono inayowangoja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.