Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Mzazi hulitamka anapomfundisha mtoto kuweka senti, wala hakuna anayelipinga. Lakini mkulima wa Kyela hulipokea kwa tahadhari. Katika bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua kwa wastani huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, mpunga uliowekwa ghalani kabla ya kukauka huota ukungu, na mbegu iliyosahauliwa miaka mingi haioti tena. Mkulima ajua kuwa mbegu haitunzwi kwa kufungiwa. Hutunzwa kwa kupandwa. Hebu tulipime fundisho hili kwa kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa sehemu ya utamaduni, yaani diski za michezo ya video.

Tangu PlayStation ya kwanza ilipotoka huko Japani mwaka 1994, na ya pili mwaka 2000, vijana wengi wa miji yetu wamekutana vibandani, wakilipa na kucheza kwa zamu. Baadhi yao sasa ni wazazi. Mmoja wao akitoa sandukuni diski aliyoiweka iwe kumbukumbu ya ujana wake, huenda akaiona inang'aa kama siku ile, lakini mashine isiisome. Kwa nini?

Diski ina tabaka kadhaa. Ile ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ni plastiki angavu yenye unene wa milimita 1.2, juu yake pana utando mwembamba wa alumini, kisha vanishi na maandishi ya jina. Habari zimechorwa kwa vishimo vidogo mno, navyo husomwa kwa mwali wa leza unaorudishwa na alumini. Unyevu ukipenya kwenye vanishi au ukingoni, alumini huharibika, mwali haurudi, na habari zimekwenda. Ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa jina ni wa hatari zaidi kuliko ule wa upande wa chini, ambao huweza kusuguliwa ukatoka. DVD nayo ni mabamba mawili yaliyounganishwa kwa gundi. Gundi ikiachia, diski haisomeki. Na nakala zilizochomwa nyumbani hutegemea rangi ambayo hufifia kwa jua na joto. Hata diski ikiwa nzima, jicho la mashine nalo huzeeka.

Basi yatupasa kuishika diski ukingoni, kuifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kuisimamisha ndani ya mkebe wake mahali pakavu pasipo jua, wala tusibandike karatasi juu yake. Lakini hayo yote huchelewesha uharibifu tu. Dawa ni ile ya mkulima: kunakili habari zingali zinasomeka, kuziweka mahali pawili au patatu, na kurudia kazi hiyo kila baada ya miaka kadhaa.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo tu. Na tulitazame bao. Mbao zake zimeliwa na mchwa vizazi na vizazi, lakini bao lenyewe halijafa, maana wazee huwafundisha vijana. Mchezo wa video hauna bahati hiyo. Kanuni zake zimo ndani ya diski, hazimo kichwani mwa mchezaji. Nakala ya mwisho ikiharibika, hapana mzee awezaye kuurithisha.

Hapo ndipo linapozuka swali zito: je, ni halali kunakili kazi ya mwingine? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, nayo ni haki. Anayenakili ili auze ni sawa na anayevuna shamba la jirani usiku. Lakini mwaka 2023 uchunguzi wa Video Game History Foundation ulionyesha kuwa, katika michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, 87 kati ya kila 100 haikuwa ikiuzwa tena. Mwenye shamba ameliacha, na mbegu inafia ghalani. Sisi twaona kwamba haki ya kufaidi kazi yako si haki ya kuiangamiza. Kijijini, aliyepoteza mbegu humwomba jirani, na jirani hamnyimi. Vivyo hivyo watunzi na wasambazaji wangepaswa kuziruhusu maktaba na nyumba za kumbukumbu zinakili kazi hizo kwa ajili ya kuzihifadhi, si kwa biashara.

Nasi tuanze na za kwetu. Kijana wa Kitanzania anayetunga mchezo leo kwa Kiswahili, nakala yake na ifike maktaba ingali mpya. Akiba haiozi, lakini sharti awepo wa kuianika.