Mke, Mume na Deni Moja

Hapa Kigali, mke na mume kufungua kampuni pamoja si jambo geni. Usajili pale Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) hauchukui muda, na nani utamwamini kuliko mwenzio? Lakini mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tutazame yaliyowapata wenzetu wa Naivasha, Kenya.

Mwaka 1997 Tabitha Karanja na mumewe Joseph walianzisha kampuni ya Keroche. Walianza na mvinyo wa bei nafuu, baadaye wakaingia kwenye bia, na wengi tuliwashangilia. Dalili za matatizo zilionekana mapema. Ugomvi wao na Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi ulifika Mahakama Kuu, na mwaka 2007 wakashinda. Ushindi hulevya, hata mimi ningelewa. Kiwanda kikapanuliwa kwa mabilioni ya shilingi, na madai ya kodi yakazidi kurundikana. Agosti 2019 wote wawili walishtakiwa kwa kukwepa kodi ya shilingi bilioni 14.4. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Ila jiulize: mke na mume wakiwa katika shauri moja, nani anabaki kuitazama kampuni kwa utulivu? Mapema 2022 kiwanda kilifungwa kwa malimbikizo ya kodi ya shilingi milioni 322. Mama Karanja aliomba hadharani apewe muda, kwani zaidi ya lita milioni 2 za bia zilikuwa matangini, na zingemwagwa.

Kwetu hatari iko karibu zaidi. Wengi tulipofunga ndoa mbele ya serikali tulichagua ivangamutungo rusange: mali yote ya pamoja, na madeni pia. Kampuni ina kinga yake kisheria, lakini kinga hiyo hutoboka siku benki inapotaka nyumba iwekwe rehani. Sahihi mbili zinazohitajika hupatikana pale pale mezani, wakati wa chakula, bila mtu wa tatu kuuliza swali.

Basi, ndugu zangu, tumtafute huyo wa tatu: mkurugenzi asiye jamaa, asiyeogopa kutuambia hapana. Nyumba wanamolala watoto isiwe rehani ya biashara. Barua ya Mamlaka ya Mapato isilale drooni. Na ukiona hesabu haziendi sawa, sema, hata kama chakula cha usiku huo kitaliwa kimya kimya. Mwenye kudai hatauliza ni nani kati yenu aliyenyamaza kwa kulinda amani ya nyumba.