WAZO LA LEO: Riwaya kwa beti

Riwaya ya kishairi husimulia kisa kizima kwa beti: wahusika, mgogoro na hatima. Urusi inajivunia Eugene Onegin ya Pushkin, iliyotoka kamili mwaka 1833. Kwa Kiswahili, jamaa yake wa karibu ni utenzi, na huo ni mkongwe zaidi. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hulingana vina, cha nne hubeba kina kimoja hadi tamati.

Utamu wake huonekana katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Shujaa amefungwa. Mama yake anatuma mkate wa makapi wenye tupa ndani; walinzi wanakula vyakula vizuri, huo wanamwachia. Ngoma inapigwa nje, na vishindo vyake vinafunika mkwaruzo wa tupa kwenye pingu. Beti chache tu zinatosha, na mapigo ya mizani yanaongeza hofu.

Kiamu, lahaja ya Lamu iliyotumika katika utenzi huo, humtatiza mwanzoni msomaji wa Kindu, ambaye Kiswahili chake kilishuka Lualaba na misafara ya Nyangwe na Kasongo karne ya 19. Akisoma kwa sauti, vina humwongoza.