Mama Akiwa Mgonjwa, Nani Aseme Ndiyo?



Leo tunataka kutafakari pamoja swali linalosumbua familia nyingi hapa Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Mama akiwa mgonjwa, au akiwa katika uchungu wa kuzaa, ni nani mwenye haki ya kusema ndiyo au hapana juu ya mwili wake? Ni yeye mwenyewe, ni mume, ni wakwe, au ni daktari?

Tuchukue mfano. Mama amezidiwa, anatolewa kituo cha afya na kupelekwa kwa ambulensi mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Daktari anasema mtoto hawezi kupita, lazima apasuliwe. Mama anakubali. Lakini mume yuko Kampala anatafuta kazi, simu yake haipatikani, na ndugu waliomsindikiza mama wanasema, "Tumsubiri mwenye mke." Saa moja inapita, saa mbili zinapita. Kwa kuchelewa hivyo mtoto anaweza kufa, na mama pia. Akipona, uchungu uliokwama muda mrefu unaweza kumwachia fistula, ugonjwa wa kuvuja mkojo au choo bila kujizuia. Na wako waume wanaowakimbia wake zao kwa ugonjwa huo.

Sheria inasemaje? Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009, inasema mgonjwa aelezwe matibabu yake, naye akubali au akatae. Katiba ya mwaka 1995 inampa mwanamke heshima sawa na mwanamume na kukataza mila zinazomshusha utu. Wengi wetu tumetoka Kongo. Kule, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga katika jambo la kisheria. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa na idhini hiyo ikaondolewa. Lakini desturi haibadiliki siku moja na sheria. Tulivuka nayo mpaka pamoja na sufuria na magodoro yetu.

Wengine watasema, "Biblia imefundisha kwamba mume ni kichwa." Tunaisoma Biblia hiyo hiyo. Katika 1 Wakorintho 7:4 Paulo anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe. Wengi huishia hapo. Lakini mstari unaendelea, na mume naye anaambiwa neno lile lile kuhusu mke wake. Sasa tuulize: ni baba gani hapa kambini aliyewahi kuambiwa na daktari amsubiri mke wake aweke sahihi ndipo apasuliwe ngiri?

Tuwaangalie pia wajane wetu. Vita viliwachukua waume zao, nao wamefika hapa na watoto. Wakiugua, wanaelezwa na daktari na wanaweka sahihi wenyewe. Hatujasikia mtu akisema hawana akili ya kuamua. Je, mwanamke hupata akili siku mumewe anapokufa? Hapana. Alikuwa nayo tangu mwanzo.

Hatusemi mama aamue peke yake kama mtu asiye na watu. Ni vizuri mume awepo, mama mkwe ashauri, na kanisa liombe. Lakini ushauri na ruhusa ni vitu viwili. Ushauri humsaidia mama kusema. Ruhusa humfanya asubiri mwingine aseme kwa niaba yake.

Kuna jambo lingine, nalo ni lugha. Mbarara wauguzi wengi huzungumza Kinyankole na Kiingereza, na mama zetu wanajua Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe au Kisomali. Basi anayetafsiri ni mume, au shemeji, au mtoto aliyejifunza lugha shuleni. Mama aliyetendewa vibaya njiani wakati wa vita atasemaje mambo hayo kupitia kinywa cha mwanawe? Ataficha, na daktari atatibu ugonjwa mwingine. Wanawake wanaoandika juu ya maadili ya tiba wanatufundisha kuuliza: katika chumba hiki, ni nani ambaye sauti yake haijasikika?

Tena ndiyo ya mama haitoshi kama huduma haipo. Mwaka 2009 huko Mityana, na mwaka 2010 huko Arua, mama wawili walikufa katika hospitali za serikali wakati wa kuzaa. Shirika la CEHURD pamoja na familia zao walikwenda mahakamani mwaka 2011. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilikataa kesi, ikisema hayo ni mambo ya siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamuru isikilizwe. Ndipo tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma ya msingi ya uzazi ni kuvunja Katiba. Sisi tukiwa msibani husema haraka, "Ni mapenzi ya Mungu." Tuwe waangalifu. Vingine ni uzembe wa wanadamu, na Mungu asisingiziwe.

Kumbukeni mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili na kumaliza mali yake yote kwa waganga. Hakutumwa na mtu, wala hakusemewa na mtu. Aligusa vazi mwenyewe, na Bwana akamwacha aeleze habari yake yote mbele ya mkutano, kisha akamwita binti.

Kwa hiyo tunawaomba akina baba: zungumzeni na wake zenu kabla ya mwezi wa kujifungua, wekeni akiba ya nauli, na waambieni ndugu mapema kwamba neno la mama litoshe. Akina mama, chagueni mwanamke mmoja mnayemwamini, anayejua lugha ya hospitali na kutunza siri. Viongozi wa kanisa wawatafute akina mama kama hao katika kila kijiji.

Bwana awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.